Kabla ya Kuketi Ubaoni: Maandalizi ya Mashindano ya Shogi ya Mkoa

Wachezaji wengi wa ridhaa nchini Japani, mashindano ya mkoa yakikaribia, hujifungia na vitabu vya mianzo ya mchezo. Si vibaya, ila katika madaraja ya chini na ya kati mtu hushindwa zaidi kwa kujifunga mwenyewe kuliko kwa ufundi wa mpinzani. Kwa hiyo naanza na hatua haramu.

Shogi, sataranji ya Kijapani, ina ubao wa miraba 81, kila mchezaji ana kete 20, na kete uliyoila inakuwa yako: zamu yako ikifika unaweza kuirudisha ubaoni badala ya kusogeza nyingine. Utamu wote wa mchezo uko hapo, na mitego pia. Aliyezoea sataranji anajua kwamba kule hatua haramu ya kwanza kwa kawaida humgharimu muda tu. Kwenye shogi umeshashindwa, hata kama ulikuwa umebakiza hatua moja kumfunga mfalme wa mwenzako.

Haramu inayoua wengi ni nifu, yaani kuweka askari kwenye safu ambayo tayari ina askari wako asiyepandishwa cheo. Karibu kila mara huja kwa namna ileile: askari wa zamani amejikunyata chini kwenye kambi yako, nawe macho yote yako juu kwa mfalme wa adui. Usidhani ni kosa la wanagenzi peke yao. Mwaka 2015, kwenye nusu fainali ya Kombe la NHK, shirika la utangazaji la Japani, lionyeshwalo kwenye televisheni, Hashimoto Takanori, mchezaji wa kulipwa, alipoteza mchezo kwa nifu. Jizoeze basi kabla ya kushika askari mkononi kuipitia safu nzima kwa macho, kuanzia chini kwako kwenda juu. Nyingine ni kumfunga mfalme papo hapo kwa askari uliyemrudisha ubaoni, kuweka kete mahali ambapo haitaweza kusogea tena, na kumwacha mfalme wako akitishwa. Hili la mwisho huwapata watu kwa sababu mpinzani halazimiki kukutamkia kwamba mfalme wako yuko hatarini.

Sasa tazama mahali unapofanyia mazoezi. Programu nyingi za simu hazikuruhusu kucheza nifu. Mraba haukubali tu. Ukicheza huko miezi mitatu mfululizo, ule mlinzi wa kichwani anasinzia. Isitoshe, kwenye simu pengine umechagua kete zenye alama rahisi, ilhali ukumbini utakuta kete zenye maandishi ya Kijapani, na upande wa nyuma, ule unaogeuzwa juu kete ikipandishwa cheo, umeandikwa kwa mwandiko wa kuvutavuta. Za plastiki mara nyingi zina upande huo kwa rangi nyekundu, lakini za mbao, ambazo nyingi hutengenezwa Tendo mkoani Yamagata, huweza kuwa nyeusi pande zote. Kete ziitwazo fedha, farasi na mkuki vikishapandishwa vyote vinatembea kama kete ya dhahabu, lakini mpinzani akivila vinarudi asili yake, kwa hiyo inabidi uvitambue kwa jicho moja. Wiki ya mwisho cheza kwenye ubao halisi, na mtu halisi.

Na saa iwe mezani. Mpangilio wa kawaida ni dakika kadhaa za kuanzia, zikiisha unasomewa sekunde 30 kwa kila hatua. Saa hubonyezwa kwa mkono uleule uliosogeza kete, na kete ikishaachiwa haina kurudishwa. Zoezi lenye faida kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kucheza michezo mizima kwa sekunde 30 tangu hatua ya kwanza. Kete ulizokula zipange vizuri kwenye kijimeza chake upande wa kulia, kwanza kwa sababu mwenzako ana haki ya kuziona, pili kwa sababu sekunde tatu za kupapasa rundo ni nyingi.

Mwanzo wa mchezo? Chagua mmoja unaofaa ukianza na ukianziwa, maana anayeanza huamuliwa kwa kurusha askari watano. Kumpeleka hisha (kete iendayo wima na mlalo) safu ya nne na kumjengea mfalme ngome ya mino, yaani mpangilio wa kete za kumlinda, kunatosha kabisa kwa ngazi hii. Muda unaobaki utumie kwa mafumbo ya kumfunga mfalme kwa hatua tatu au tano.

Kuhusu kujiandikisha, usiingie daraja la juu kwa sababu programu ya simu imekupa dani, yaani cheo cha ustadi. Dani ya mtandaoni na ya ukumbini si lazima zilingane. Makundi ya awali huwa ya watu wanne: ukishinda mara mbili unapita, ukishindwa mara mbili unatoka, kisha unaanza mtoano. Maana yake huenda ukamaliza kabla ya chakula cha mchana au ukakaa hadi jioni, basi beba chakula.

Iulize kamati mapema inavyoamua pale wafalme wote wawili wanapoingia kambi ya adui na hakuna wa kufungwa. Kanuni ya alama 27 ndiyo ya kawaida kwa ridhaa, hisha na kaku (kete iendayo mshazari) zikihesabiwa tano tano na kete nyingine moja moja bila mfalme, lakini wengine hutaka uwe umetangaza kwa masharti maalumu. Hali ileile ikijirudia mara nne mchezo huchezwa upya kwa kubadilishana anayeanza, isipokuwa iwe imetokana na kumtisha mfalme mfululizo. Hapo anayetisha ndiye anayeshindwa.

Adabu ni chache. Wa cheo cha juu huchukua mfalme aina ya osho, wa chini gyoku. Mnainamiana na kusema onegai shimasu. Ukikubali kushindwa unasema makemashita kwa sauti ya kusikika, si kunong'ona huku saa inakwenda. Simu izimwe kabisa, si kuwekwa kimya tu. Mchezo ukiisha msiondoke mara moja: rudieni hatua chache pamoja, kwa sauti ya chini maana meza ya jirani bado inacheza. Kwa kawaida mshindi ndiye anayepeleka matokeo kwa kamati. Ukishinda, usikisahau kile kikaratasi cha matokeo mezani.