Somo: Pampu ya ngama imegoma kwenye boti kuukuu ya tanga? Anza na waya kabla ya kununua nyingine

Pampu ya umeme ya kutoa maji yanayotuama kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ikigoma, wengi hukimbilia dukani. Kwenye boti ya tanga yenye umri mkubwa, mara nyingi mota ni nzima, ila umeme hauifikii au maji hayana njia ya kutokea. Ukifunga pampu mpya kwenye waya uleule uliooza, nayo itagoma. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

1. Nusa kwanza. Fungua mbao za sakafu uinamie ngama kabla hujagusa swichi yoyote. Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia ni vizito kuliko hewa, hivyo hutuama humo chini, na cheche moja inatosha kuleta mlipuko. Ukisikia harufu, usiwashe wala usizime kitu. Shusha watu, fungua kila mlango na dirisha, hewa ipite.

2. Pima umeme kwenye pampu, ikiwa imewashwa. Hapa ndipo penye ugonjwa mara nyingi, kwa hiyo usiwe na haraka. Weka ncha za mita ya volti kwenye viungo vilivyo jirani kabisa na pampu, kisha mwenzako awashe. Ukipima ikiwa imezimwa utadanganyika: waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu za shaba huonyesha volti 12 kamili, lakini mota ikianza kuvuta, volti zinaporomoka. Pima na betri wakati huohuo. Tofauti isizidi asilimia 3, yaani kama volti 0.36 kwenye mfumo wa volti 12.

Ikizidi, rudi nyuma kiungo kwa kiungo kuelekea betri mpaka uone volti zinapopotelea. Usisahau waya hasi, nao huoza. Chuna ganda: shaba ikiwa nyeusi, kata mpaka ufikie inayong'aa, ikiwa nyeusi kote, badilisha waya wote, na ule wa shaba iliyopakwa bati ndio unaostahimili chumvi. Viungo vibanwe kwa koleo, vifunikwe kwa mpira wenye gundi unaosinyaa kwa joto, na vifungwe juu, mbali na maji. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa utepe hauna nafasi ndani ya ngama.

Fyuzi iwe ya ukubwa ulioandikwa kwenye pampu. Pampu iliyokwama huvuta umeme mwingi, na fyuzi kubwa kupita kiasi haitakatika. Waya ndio utakaowaka.

3. Inua kwa mkono boya, yaani kile kinachoelea na kuiwasha pampu maji yakipanda. Pampu ikiwaka kwa swichi ya mkono lakini haiwaki kwa boya, boya limekwama kwa mafuta na takataka, au swichi yake imekufa. Lisafishe, lijaribu tena kwa maji halisi.

4. Fungua kichujio. Zima umeme kabisa kabla ya kuingiza vidole. Nywele, nyuzi za kamba na vipande vya rangi hujizungusha kwenye panga, yaani mapezi yanayozunguka kusukuma maji. Kama umeme ni kamili, panga ni safi na bado haizunguki, sasa nunua nyingine.

5. Fuata mpira wa kutolea maji. Pampu inazunguka, maji hayatoki? Huenda kuna hewa iliyonaswa kwenye mpira ulioshuka na kupanda tena. Mpira upande moja kwa moja bila kuinama njiani, na ndani uwe laini. Wenye mikunjo hupunguza sana mwendo wa maji.

Maswali ya wanachama

*Fundi, pampu yangu inamaliza maji, inazima, kisha inawaka tena yenyewe. Nifunge valvu ya kuzuia maji yasirudi?*

Maji yaliyobaki ndani ya mpira yanarudi na kuinua boya. Ndugu yangu, mimi sishauri valvu hiyo kwenye pampu ya panga: uchafu huikwamisha, na wakati mwingine pampu haina nguvu ya kuifungua. Pandisha boya kidogo, fupisha mpira. Lakini chunguza pia kama maji yanatoka baharini. Boti ikilalia upande, tundu la kutolea huweza kuzama na maji yakajivuta kuingia ndani. Dawa yake ni kupandisha mpira juu ya mstari wa maji, hata boti ikiwa imelala, na kuweka kipumulio cha kuingiza hewa kileleni.

*Nikiiacha boti nangani, nizime swichi kuu?*

Zima, ila boya lipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye betri, likiwa na fyuzi yake karibu na betri.

*Pampu ya mkono nayo haivuti. Naomba msaada.*

Ziba mdomo wa kuvutia kwa kiganja, kisha vuta mpini. Usiposikia kiganja kinanyonywa, kiwambo cha mpira kimepasuka au vifuniko vya ndani vimeshika takataka.

*Ninunue pampu ya ukubwa gani ili tundu likitokea nisizame?*

Tundu la sentimita 5, likiwa sentimita 60 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 200 kwa dakika. Pampu iliyoandikwa lita 3,800 kwa saa hutoa takriban lita 63 kwa dakika, tena kabla ya kuhesabu urefu wa kupandisha maji. Nunua kubwa unayoweza, lakini ijue kazi yake: inakupa muda wa kulitafuta tundu. Kando ya kila valvu inayofunga tundu la boti lililo chini ya maji, funga kizibo cha mti laini kinachoenea tundu lake, kwa kamba, kisipotee gizani.