Jinsi ya kuchagua krashi ya drams kama hela ni ndogo

Kama unatafuta krashi, yani lile toazi la drams la kupiga kwa mkazo, na mfuko hauruhusu, nakuomba kitu kimoja, usikimbilie lile boksi la matoazi manne kwa bei chee. Chukua krashi moja nzuri, hata kama imeshatumika, utapiga nayo miaka. Mi nilianza na ya boksi, nikigonga inalia kama sufuria alafu inakata ghafla, nikaja kununua tena upya, hela mara mbili.

Angalia madini kwanza. Ya bei ya chini kabisa mengi ni brasi, yani shaba na zinki, kama HCS za Meinl, SBR za Sabian au PST 3 za Paiste, sauti fupi, haina mng'ao sana, kwa kujifunzia inatosha. Ukipanda kidogo unakutana na B8, yani shaba asilimia 92 kwa bati asilimia 8, humo ndo kuna PST 5 za Paiste, B8X za Sabian na zile I za Zildjian, hizi zinalia kwa ukali na zinapenya hata gitaa zikiwa juu, na kwa bajeti ndogo mi nasema ishia hapa. B20 ni shaba 80 kwa bati 20, sauti nzito na tamu zaidi, ila mpya bei inapaa so itafute iliyotumika. Na mtu asikutishe kwamba B8 ni ya wanafunzi tu, Paiste 2002 ni B8 hiyohiyo na mapro wanaipiga miaka yote, utengenezaji ndo unaleta tofauti.

Saizi, kama ni moja tu chukua inchi 16 au 18. Nyembamba inafunguka haraka hata ukiigusa kidogo, nene inataka nguvu na inapiga kelele sana kwenye chumba kidogo.

Sasa kwenye iliyotumika hapa usiwe na haraka kabisa. Pitisha kucha taratibu kwenye ukingo mzunguko mzima, ikikwama mahali simama uangalie vizuri, inaweza kua ufa mdogo ambao macho hayauoni, alafu angalia tundu la katikati kama bado ni duara maana likiliwa upande mmoja linavutika kama tundu la ufunguo na ufa unaanzia hapo. Igonge polepole kisha kwa nguvu, ukisikia inakoroma au sauti inakufa mapema achana nayo, ufa haurudi nyuma, kila ukipiga unazidi kukimbia. Nembo iliyofutika na weusi wa vidole hauna shida, tena unakusaidia kushusha bei.

Nenda na vijiti vyako, na mwambie mtu akupigie wewe usimame mbali mita kadhaa, kwasababu ukiwa umekaa kwenye stuli unachosikia sio wanachosikia watu.

Ukishainunua usiikaze nati mpaka toazi lishindwe kuyumba, piga kwa kupangusa ukingo na kijiti badala ya kukishusha wima, na hakikisha kwenye stendi kuna felti, yani vile vipande laini vya sufi, juu na chini ya toazi na kile kimrija cha plastiki katikati, kikipotea kata kipande cha mpira laini wa maji kinachoingia kwenye chuma, kinafanya kazi ileile.