Kuunganisha ramani ya nchi kavu na ya sakafu ya bahari ili kuchunguza maporomoko ya pwani

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa akichunguza Taan Fiord, ghuba nyembamba huko Alaska, ambako mlima uliporomoka tarehe 17 Oktoba 2015 na kuzusha wimbi lililokwea mteremko hadi mita 193. Sehemu kubwa ya mwamba iliishia majini, kwa hiyo anayepima kovu la mlimani peke yake hawezi kujua ulifika wapi.

Hatua ya 1. Pakua vipimo vya leza vya nchi kavu na vipimo vya mwangwi vya chini ya maji, pamoja na maelezo ya kila faili.

Hatua ya 2. Katika QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ziweke zote kwenye UTM (mfumo wa kuandika mahali kwa mita, kanda kwa kanda), kanda ya 7.

Hatua ya 3. Sawazisha sifuri, na hapa usiwe na haraka. Mwinuko wa nchi kavu nchini Marekani kwa kawaida huhesabiwa kutoka NAVD88, yaani sifuri rasmi ya mwinuko ya huko, ilhali kina cha bahari huhesabiwa kutoka wastani wa maji kupwa ya chini kabisa ya kila siku. Sifuri hizo mbili zikiachwa zilivyo, ufuo mzima huonekana una ngazi. Sisi tulipoteza siku mbili kwa sababu mwanafunzi alikwisha kuichora ngazi hiyo kama ukingo wa poromoko. Kagua pia alama, kwa kuwa faili nyingi huandika kina kama namba chanya, nawe unahitaji hasi. Kisha linganisha vipimo hivyo viwili juu ya mwamba imara ambao ndege iliupima maji yakiwa yamekupwa na mashua ikaupima wakati wa bamvua, maji yamejaa. Usitumie mchanga wala kifusi, kwani huhama. Andika na mwaka wa kila upimaji: katika baadhi ya sehemu za kusini-mashariki mwa Alaska ardhi huinuka zaidi ya sentimita 3 kwa mwaka, kwa sababu imepunguziwa uzito wa barafu.

Hatua ya 4. Pengo kati ya maji na nchi kavu liache wazi. Wengi huliziba kwa hesabu ya programu. Mimi sikubali, kwa maana uso laini unaopatikana hufuta alama za mahali kifusi kilipoingilia majini.

Hatua ya 5. Itie ramani kivuli kwa mwanga unaotoka upande wa nyuzi 315 (kaskazini-magharibi), kisha 45 (kaskazini-mashariki). Majabali yaliyotawanyika sakafuni, yaliyojificha katika picha ya kwanza, mara nyingi hujitokeza katika ya pili. Pima umbali kutoka kovuni hadi jabali la mwisho.