Maoni yako kuhusu sheria ya wanyamapori: yaandike ili kamati iyatumie

Kamati ya Bunge la Kenya inapoomba maoni ya wananchi, haiyahesabu kama kura. Barua mia moja zenye maneno yale yale ya "tumechoka na ndovu" huishia kuwa mstari mmoja kwenye ripoti, lakini barua moja inayotaja kifungu na kupendekeza maneno mapya inapewa nafasi yake na kujibiwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima huku Mwatate, Taita-Taveta, ambako mbuga ya Tsavo imetuzunguka, na kazi ya kuandika memoranda, yaani barua rasmi ya maoni, huniangukia mimi. Haya ndiyo ningemwambia jirani anayeanza.

Kwanza ujue unajibu nini. Kama ni mswada wa kurekebisha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, maoni yanaelekezwa kwa Karani wa Bunge la Kitaifa, naye huyafikisha kwa kamati ya utalii na wanyamapori. Kama ni kanuni, yaani masharti ambayo Waziri hutunga chini ya sheria hiyo, maoni yanakwenda wizarani. Wengi huchanganya haya mawili, barua inakwenda kusikohusika, na muda unaisha.

Halafu utafute maandishi yenyewe. Usitegemee ulichosikia redioni, wala alichosema mheshimiwa kwenye matanga. Miswada iko kwenye tovuti ya Bunge na sheria iliyopo iko kwenye tovuti ya Kenya Law, zote bila malipo. Uzisome pamoja, maana mswada wa marekebisho peke yake hausomeki: unasema tu futa neno hili, weka lile. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kwa hiyo usione haya kumwita kijana aliyemaliza shule mkae naye. Mimi huchapisha kurasa zinazohusika pale saiba, kwenye duka la intaneti, na kuandika mabadiliko juu yake kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo unapogundua kwamba "italipa" imegeuzwa kuwa "inaweza kulipa". Maneno hayo mawili yanaweza kumnyima mjane fidia yake.

Sasa kuandika. Chora jedwali la safu tatu: kifungu, maneno ninayopendekeza, sababu. Makarani wa kamati nao hupanga maoni kwa jedwali la namna hiyo, kwa hiyo umewarahisishia kazi. Chukua mfano wa nyani. Jedwali la Tatu la sheria ya 2013, yaani orodha iliyo mwishoni mwake, linataja wanyama ambao hasara wanayosababisha inaweza kulipwa fidia. Tembo yumo, simba yumo, fisi yumo. Nyani, anayemaliza mahindi yangali mabichi, hayumo. Ukilalamika kurasa nne kuhusu nyani, umejituliza moyo tu. Andika: "Jedwali la Tatu, sehemu ya hasara ya mazao: ongeza nyani." Kisha toa sababu yako kwa sentensi tatu.

Kwenye fidia ya watu, kiasi kimetajwa: shilingi milioni 5 mtu akiuawa, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Watu hupenda kuomba kiasi kiongezwe. Kwa maoni yangu tatizo kubwa ni kungoja, kwa hiyo mimi ningependekeza tarehe ya mwisho: dai likishapitishwa, lilipwe ndani ya siku 90. Ahadi kubwa isiyo na tarehe haimsomeshi yatima.

Sababu zako zibebwe na ushahidi wa shambani. Taja tarehe, ekari zilizoharibiwa, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) uliyopewa uliporipoti, na picha zinazoonyesha nyayo pamoja na mazao. Lakini angalia: memoranda ni hati ya umma. Usibandike kitambulisho cha jirani wala karatasi zake za hospitali. Na usiogope kutaja faida ya wanyama pale ilipo. Maoni ya mtu anayetaka ndovu wote wahamishwe huwekwa kando haraka.

Lugha isikuzuie. Katiba, Kifungu cha 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Andika kwa Kiswahili safi. Ni bora kuliko Kiingereza cha kuombaomba. Taja jina lako, unakotoka, nambari ya mswada, na kama unaandika kwa niaba ya kikundi, ambatisha sahihi za wanachama.

Saa ya mwisho huandikwa kwenye tangazo, mara nyingi saa kumi na moja jioni. Tuma kwa baruapepe mapema na uhifadhi nakala ya ulichotuma. Kamati ikija kaunti yenu kusikiliza watu, nenda pia, na ukipewa kipaza sauti soma mstari wako mmoja wa pendekezo kwanza. Dakika huisha ukiwa bado unasalimia viongozi.

Baadaye tafuta ripoti ya kamati kwenye tovuti ya Bunge na uangalie walijibu nini kwa pendekezo lako. Wakilikataa, sababu huandikwa hapo, na mlango haujafungwa: mbunge yeyote anaweza kuleta marekebisho mswada unapojadiliwa na kamati ya Bunge zima, kabla ya kusomwa mara ya tatu. Mpelekee mbunge wako maneno yaliyokwisha kupigwa chapa, ukurasa mmoja. Kwa kanuni njia ni nyingine. Zikishachapishwa, lazima ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao, na kamati ya sheria ndogo, inayokagua kanuni kama hizo, inaweza kupendekeza zifutwe. Kama hamkuulizwa kabla, iandikieni kamati hiyo mseme hivyo, mkieleza ni lini mlipata habari na kupitia kwa nani.