Namna ya Kuchagua Lenzi Ndefu ya Kupigia Picha Ndege na Wanyamapori, Kuanzia Kitulo hadi Ruaha

Anayetaka kununua lenzi ndefu huanza kwa kuuliza milimita, yaani urefu wa fokasi unaoamua lenzi itakivuta kitu karibu kiasi gani: je, 400 zinatosha, au lazima zifike 600? Swali hilo lina maana, lakini si la kwanza. Kwa sisi tunaoishi nyanda za juu kusini, la kwanza ni mahali utakaposimama mara nyingi ukiwa na kamera mkononi, kwa sababu mazingira yetu hayafanani hata kidogo. Kwenye uwanda wa Kitulo, ulio kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, mpiga picha hutembea kwa miguu nyasini na mkoba u mgongoni. Ruaha, kilomita 130 hivi kutoka Iringa mjini, hupiga picha akiwa ndani ya gari, kwenye joto na vumbi. Katika msitu wa Mlima Rungwe hutafuta mnyama juu ya miti mirefu, mahali ambapo mwanga ni haba hata saa sita mchana. Lenzi iliyokufurahisha Ruaha inaweza kukuchosha Kitulo na isikufae kitu Rungwe.

Ukishajua mahali, piga hesabu ya umbali. Sensa ni kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na ile kubwa, iitwayo ya fremu kamili, ina upana wa milimita 36. Chukua umbali kwa mita, uzidishe kwa 36, kisha ugawanye kwa milimita za lenzi. Jibu litakuwa upana, kwa mita, wa eneo litakaloingia kwenye picha. Ndege aliye mita 20 kutoka ulipo, ukimlenga kwa lenzi ya milimita 600, yumo ndani ya eneo la upana wa mita 1.2. Ikiwa ana urefu wa sentimita 15 kutoka mdomo hadi mkia, atachukua sehemu moja ya nane ya upana huo. Kwa lenzi ya milimita 400 eneo linakuwa mita 1.8 na ndege anabaki sehemu moja ya kumi na mbili, na kwa milimita 300 anapungua hadi moja ya kumi na sita. Ndiyo maana wengi walioanza na lenzi ya milimita 75 hadi 300 hurudi nyumbani na picha nzuri za tembo na twiga, lakini za ndege wadogo kama chozi na mdiria ni nukta zenye rangi.

Kamera zenye sensa ndogo hubadilisha hesabu hii kwa faida yako. Kwa Nikon na Sony zidisha milimita za lenzi kwa 1.5, na kwa Canon kwa 1.6, ili upate lenzi ambayo ingeonyesha eneo lilelile kwenye fremu kamili. Lenzi ya milimita 400 kwenye Canon ya sensa ndogo inaona kama ya 640. Kwa ndege, kamera ya namna hiyo si ya kudharauliwa, na mara nyingi ningemshauri mtu mwenye bajeti ndogo aitafute hiyo, kisha fedha inayobaki aiweke kwenye lenzi.

Lipo jaribio lisilogharimu kitu. Ikiwa unayo lenzi inayofika milimita 300, simama mahali unapopiga picha kwa kawaida, mpige picha ndege yuleyule anayekushinda, kisha kwenye kompyuta ikate picha hiyo ibaki nusu ya upana na nusu ya kimo. Unachokiona sasa ndicho lenzi ya milimita 600 ingekupa, ila yenyewe ingekuwa na nukta za picha mara nne zaidi. Ikiwa hata hapo ndege bado ni mdogo, tatizo lako si lenzi bali umbali, na dawa yake ni kujifunza kumsogelea au kumngoja. Jaribio hili limenizuia kutumia fedha nyingi kuliko ushauri wowote niliowahi kupewa.

Jambo la pili ni mwanga, na hapa ndipo bei zinapoachana. Namba kama f/4 au f/6.3 ni uwiano kati ya urefu wa fokasi na kipenyo cha tundu ambalo mwanga hupitia. Lenzi ya milimita 600 yenye f/6.3 inahitaji tundu la milimita 95 hivi; yenye f/4 inahitaji milimita 150. Kioo cha mbele kinapokua kiasi hicho, uzito na bei navyo hukua. Lenzi za milimita 600 f/4 za Canon na Sony zina uzito wa kilo tatu na kidogo, na zikiwa mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 12,000. Kwa malipo hayo unapata mwanga mara mbili na nusu zaidi ya ule wa f/6.3. Ikiwa f/6.3 inakupa kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hukaa wazi, ya sehemu moja ya 125 ya sekunde kwenye kivuli cha msitu, f/4 itakupa karibu moja ya 320, na kwa mnyama anayegeuza kichwa hiyo ndiyo tofauti kati ya picha na ukungu.

Mfano wa hapa kwetu ni kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na Livingstone aliyeelezwa rasmi na wanasayansi mwaka 2005. Hukaa juu ya miti, huku nyuma yake kukiwa na anga jeupe na yeye mwenyewe yumo gizani. Kwa mnyama huyu ningechukua lenzi fupi yenye tundu kubwa, tuseme milimita 300 f/4 au hata 70 hadi 200 f/2.8 kwenye sensa ndogo, kabla ya lenzi ya milimita 800 yenye f/11. Canon walitoa mwaka 2020 lenzi mbili za f/11, moja ya milimita 600 na nyingine ya 800, ambazo ni nyepesi na za bei nafuu kwa urefu huo. Juani Ruaha, saa mbili asubuhi, zinafanya kazi yake kwa heshima. Msituni sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Watu huuliza kama kituliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hakiwezi kufidia upungufu wa mwanga. Kinafidia mtikisiko wa mkono wako tu. Mabawa ya ndege hayakisikilizi. Kwa ndege aliyetulia tawini kasi ya moja ya 500 mara nyingi hutosha, na kituliza mtikisiko kikiwa kizuri unaweza kushuka zaidi. Kwa mbayuwayu wa buluu anayekata hewa juu ya nyasi za Kitulo, utahitaji moja ya 2000 au zaidi, na hapo kituliza mtikisiko hakina kazi kubwa zaidi ya kukutulizia taswira unapochungulia.

Sasa tuje kwenye uzito, jambo ambalo wauzaji hulitaja mwisho. Lenzi inayofika milimita 600 iliyo katika uwezo wa watu wengi ina uzito wa kilo mbili hivi: Sigma ya 150 hadi 600 aina ya Contemporary ni kilo 1.93, Nikon Z ya 180 hadi 600 haifiki kilo mbili bila pete ya kuifungia kwenye tripodi, na Sony ya 200 hadi 600 inapita kidogo kilo 2.1. Sigma hiyohiyo aina ya Sports ni kilo 2.86. Kilo mbili zinaonekana chache dukani. Zipandishe mlima pamoja na kamera, maji na koti la mvua, kwenye kimo ambacho pumzi yenyewe ni fupi, kisha uziinue usawa wa jicho kila tandawala anaporuka, na baada ya saa tatu mkono utakuwa umekata shauri kwa niaba yako. Nimewahi kuiacha lenzi kubwa ndani ya gari Kitulo kwa siku nzima na kupiga picha kwa lenzi ndogo. Tangu hapo sihesabu lenzi niliyo nayo, nahesabu ile nitakayokubali kuibeba.

Kwa hiyo, kwa mtembeaji wa Kitulo nashauri lenzi isiyozidi kilo moja na nusu. Canon RF ya 100 hadi 500 ina uzito wa kilo 1.37 bila pete, na ina sifa nyingine inayofaa sana pale: inalenga vitu vilivyo karibu, chini ya mita moja ikiwa kwenye milimita 100. Kitulo, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ina aina 45 za okidi zinazoota ardhini, na lenzi inayoweza kumpiga ndege mbali kisha ikainama kwa ua lililo mguuni inakuokolea lenzi ya pili. Mwenye Nikon aitazame ile ya milimita 500 f/5.6 PF iliyotoka mwaka 2018, yenye uzito wa kilo 1.46, ingawa haina zum, yaani milimita zake hazibadiliki, na haikubali kitu kilicho karibu kuliko mita tatu. Mwenye bajeti ndogo asiipuuze Canon EF ya milimita 400 f/5.6 iliyotumika. Ni lenzi ya mwaka 1993, haina kituliza mtikisiko, lakini ina kilo 1.25 na inamfuata ndege anayeruka kwa wepesi unaoshangaza.

Kwa Ruaha mambo hugeuka. Uzito haukusumbui kwa sababu gari ndilo linalobeba, na zum inakuwa ya lazima: tembo anaweza kukaribia hadi akajaza fremu ya milimita 200, na dakika moja baadaye furukombe akatua ng'ambo ya mto. Hifadhi hiyo ina zaidi ya aina 570 za ndege, kwa hiyo milimita 600 hazipotei bure. Zum za kuanzia 150, 180 au 200 hadi 600 ndizo ninazozipendekeza bila kusita. Tofauti ya kuangalia ni kama lenzi inarefuka unapovuta zum au haibadiliki umbo. Zile za Sony na Nikon Z nilizozitaja hazirefuki. Sigma na Tamron hurefuka, na kila inaporefuka huvuta hewa, na hewa ya njia ya Tungamalenga wakati wa kiangazi unaijua ilivyo.

Usinunue milimita zaidi kwa matumaini ya kumfikia mnyama aliye mita 300 wakati wa adhuhuri. Ardhi ikishapata moto, hewa iliyo juu yake hucheza kama mazigazi, na picha hutoka laini hata kwa lenzi ya bei kubwa kuliko zote. Piga alfajiri na jioni, na zima injini ya gari kabla ya kupiga, kwa kuwa mtikisiko wake hupita mlangoni hadi kwenye lenzi. Tripodi haina nafasi ndani ya gari. Shona mfuko wa turubai, usafiri nao ukiwa mtupu, kisha ununue maharage au mchele sokoni Iringa na kuujaza. Ulaze juu ya dirisha na uiegemeze lenzi hapo. Safari ikiisha, ujazo wake unapikwa.

Telekonveta ni kipande chenye vioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi. Ile ya 1.4 hurefusha milimita 400 kuwa 560, lakini hula mwanga nusu nzima, na ile ya 2 hula robo tatu. Lenzi ya f/6.3 ikiwekewa ya 1.4 inakuwa f/9, na hapo kamera nyingi za zamani zenye kioo cha kuakisi ndani hushindwa kufokasi zenyewe. Kamera mpya zisizo na kioo huvumilia zaidi. Telekonveta inafaa kwenye lenzi ya f/4. Kwenye zum ya f/6.3 naiona kuwa ni fedha iliyopotea.

Wengi wetu tutanunua lenzi iliyotumika. Mara ya kwanza nilinunua kwa muuzaji mmoja kwa kuamini picha alizonionyesha kwenye simu, na lenzi ilipofika ilikuwa na kuvu ndani. Usikubali bila kuishika. Washa tochi, ielekeze upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili: kuvu huonekana kama nyuzi za buibui au matawi madogo, na chembe chache za vumbi hazina madhara. Ifunge kwenye kamera yako mwenyewe, ilenge kitu cha karibu kisha cha mbali mara nyingi, usikilize kama mota inakwaruza au kusitasita. Bandika gazeti ukutani, ulipige kwa milimita za mwisho na tundu likiwa wazi kabisa, kisha ukuze picha na kulinganisha maandishi ya pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, huenda lenzi hiyo iliwahi kuanguka.

Kuvu hupenda unyevu na giza, na kwa anayeishi Tukuyu, mvua inakonyesha sehemu kubwa ya mwaka, kuitunza lenzi ni sehemu ya kuichagua. Ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, na itoe mara kwa mara uitumie. Lenzi yenye zuio la maji na vumbi kwenye kifungio, pale inapoungana na kamera, ina thamani zaidi hapa kuliko mahali pakavu, na ningeilipia nyongeza.

Unaposhuka kutoka Kitulo kupitia kona za Hamsini na Saba kuelekea Chimala, lenzi bado ina baridi ya mlimani huku hewa ya bonde la Usangu ni ya joto. Ukiufungua mkoba njiani, umande utatanda juu ya kioo, na mwingine ndani. Uache umefungwa zipu hadi utakapokuwa umekaa Chimala walau saa moja.