Namna ya Kuridhika na Kazi ya Uhandisi Chini ya Wakuu Wawili

Mhandisi wa umeme mwenye ajira Kampala anaweza kupelekwa Hoima, magharibi mwa Uganda, kwenye mradi wa mafuta, akapokea maagizo ya kila siku kutoka kwa meneja wa mradi, huku likizo na kupandishwa cheo kwake vikibaki mikononi mwa mkuu wa idara yake. Huo ndio muundo wa matriki, ulioshika mizizi Marekani katika viwanda vya ndege na vyombo vya anga katika miaka ya 1960. Kinachomchosha mhandisi humo, kuliko hata wingi wa kazi, ni maagizo yanayogongana.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka, omba kikao na wakuu wote wawili pamoja. Ulizia nani ana kauli ya mwisho kuhusu usanifu, nani huidhinisha likizo, na nani ataamua wakitofautiana; kisha yaandike mliyokubaliana na uwatumie wote siku hiyohiyo. Masuala ya usalama yasiingizwe katika maafikiano hayo, kwani mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwajibika mwenyewe kwa michoro anayoitia saini, hata meneja akibanwa na tarehe.

Tathmini ya mwaka ndiyo inayodai uangalifu mkubwa zaidi. Mwaka 1959 Frederick Herzberg, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha utafiti uliofanywa kwa wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh nchini humo, akaonyesha kwamba waliridhishwa hasa na mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe, ilhali sera za kampuni na usimamizi ndivyo vilivyowaudhi. Katika matriki, kutambuliwa hupotea kwa urahisi, kwa sababu anayejaza fomu ya tathmini mara nyingi hakuwepo saiti transfoma ilipogoma na wewe ukakesha nayo. Basi kila mwisho wa mwezi mwandikie mkuu wa idara nusu ukurasa: tatizo, uamuzi wako, matokeo. Mwombe meneja wa mradi athibitishe, na usitie saini fomu ambayo haina maoni yake. Kumbukumbu hizo zitamfaa pia mhandisi kijana anayejiandaa kusajiliwa.

Maagizo yakigongana, usiwe tarishi kati ya wakuu. Waandikie wote barua moja, ukieleza gharama ya kila chaguo na siku unayohitaji jibu.

Mwisho, mradi unapokaribia kukamilika, muulize mkuu wa idara ni kazi gani inayokusubiri Kampala, na uombe jibu la maandishi kabla timu haijavunjwa.