Elektroni ya beta haitoki kwenye ganda: kuandika milinganyo ya uozo wa kiini, hatua kwa hatua

"Mjomba, hii elektroni ya beta inatoka kwenye ganda gani la atomu?"

Swali lilinifikia saa nne usiku, kesho yake mpwa wangu wa kidato cha sita ana jaribio. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana mimi mwenyewe swali hilo liliwahi kunikesha. Nilikuwa nakokotoa safari ya urani-238 hadi risasi-206, na kila nikirudia naangukia elementi namba 70, iterbiamu, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Kufika alfajiri nilikuwa nimeshaamua kwamba kitabu kimekosewa chapa. Kitabu kilikuwa sawa.

Haya ndiyo tuliyofanya usiku ule kwa simu. Nachukulia unajua protoni, nyutroni na isotopu ni nini. Uozo ni pale kiini kisichotulia kinapobadilika chenyewe na kutema chembe au nishati.

Hatua ya 1: Andaa karatasi ya grafu

Karatasi ya grafu, penseli, kifutio, jedwali la elementi. Programu za simu zinazokupa jibu la mlinganyo ziache. Zinakupa jibu bila kukuonyesha njia, na kwenye chumba cha mtihani hutaingia nazo.

Mhimili wa mlalo andika idadi ya protoni, wa wima idadi ya nyutroni. Kila kiini ni nukta moja kwenye karatasi hiyo. Kwenye maandishi nitaweka namba ya atomu ndani ya mabano ya mraba: U-238 [92] maana yake protoni 92, na nyutroni ni 238 kutoa 92, yaani 146.

Hatua ya 2: Kanuni mbili tu

Jumla ya namba za juu (protoni na nyutroni pamoja) kushoto kwa mshale iwe sawa na kulia. Jumla ya namba za chini, yaani chaji (hapa ni zile za ndani ya mabano), iwe sawa pande zote mbili. Basi.

Hatua ya 3: Alfa

Kiini kinatema protoni 2 na nyutroni 2 kwa mkupuo, yaani kiini cha heli.

U-238 [92] → Th-234 [90] + He-4 [2]

Namba ya juu inapungua 4, ya chini 2. Kwenye grafu unasogea kushoto hatua mbili na chini hatua mbili. Hufanywa zaidi na viini vizito vilivyoipita risasi. Haijawahi kumsumbua mwanafunzi yeyote niliyemfundisha, tusonge mbele.

Hatua ya 4: Beta, na hapa kaa kitako

Kosa langu la usiku ule lilikuwa hili. Nilisoma kwamba beta ni elektroni yenye chaji −1. Nikawaza: elektroni imetoka, basi namba ya atomu ipungue moja. Mantiki ya dukani, ukitoa kitu kinapungua. Lakini namba ya atomu haihesabu elektroni, inahesabu protoni. Na elektroni ya beta haikuwa kwenye ganda lolote. Haikuwa hata ndani ya kiini ikisubiri kutoka.

Kinachotokea ni kwamba nyutroni moja ndani ya kiini inageuka kuwa protoni. Nyutroni haina chaji, protoni ina +1. Chaji haiwezi kuzuka bure, kwa hiyo papo hapo inazaliwa elektroni yenye −1 ya kusawazisha, na inafyatuka nje. Protoni mpya inabaki. Kwa hiyo namba ya atomu inapanda kwa moja, na namba ya juu haibadiliki, kwa sababu nyutroni imepungua moja na protoni imeongezeka moja.

C-14 [6] → N-14 [7] + elektroni [−1]

Kagua chini: 6 upande wa kushoto, kulia 7 na −1, ambayo ni 6. Hiyo −1 ndiyo inayowachanganya watu. Imo kwenye mlinganyo ili kusawazisha chaji, si amri ya kutoa moja kwenye namba ya elementi.

Tahadhari kadhaa, maana kila moja nimeiona ikimwangusha mtu:

Kwanza, usichanganye na ayoni. Atomu ya sodiamu ikipoteza elektroni ya ganda la nje inabaki kuwa sodiamu. Kaboni-14 ikitoa beta inakuwa nitrojeni kabisa. Ile ni kemia ya maganda, hii ni ya kiini.

Pili, pamoja na elektroni hutoka chembe nyingine isiyo na chaji, antinyutrino. Haibadilishi namba za juu wala za chini, ndiyo maana walimu wengi huiacha. Mimi napendelea iandikwe. Elektroni za beta hutoka na nishati tofauti tofauti hata zikitoka kwenye isotopu moja, na jambo hilo liliwatatiza wanafizikia hadi Wolfgang Pauli alipopendekeza mwaka 1930 kwamba kuna chembe isiyoonekana inayobeba nishati iliyosalia. Ukiiacha, unamfundisha mtoto kwamba nishati inaweza kupotea njiani.

Tatu, namba ya juu ya elektroni huandikwa 0. Haimaanishi haina masi. Ina masi takriban mara 1,836 ndogo kuliko ya protoni, na kwenye hesabu hii tunahesabu vichwa vya protoni na nyutroni tu.

Kwenye grafu: kulia moja, chini moja. Mpwa wangu hapo ndipo alipopiga kelele. Hatua zote zinakwenda mshazari, kama kete za drafti! Alfa mshazari wa kushoto kushuka, mara mbili. Beta mshazari wa kulia kushuka, mara moja. Miaka yote nimefundisha bila kuliona hilo.

Kwa nini kiini kitoe beta? Kwa sababu nyutroni zimezidi. Kaboni-12 ina 6 kwa 6 na imetulia. Kaboni-14 ina nyutroni 8.

Hatua ya 5: Protoni zikizidi

Hapa kete inarudi nyuma: kushoto moja, juu moja. Kuna njia mbili za kufika palepale. Ama protoni inageuka nyutroni na kutoa pozitroni, elektroni yenye chaji +1, kama florini-18 inayotumika kwenye vipimo vya PET, picha za ndani ya mwili zinazopigwa hospitalini: F-18 [9] → O-18 [8] + pozitroni [+1]. Ama kiini kinanyakua elektroni kutoka ganda la ndani, protoni inaimeza na kuwa nyutroni. Kwa hiyo maganda yana nafasi yao katika hadithi hii, ila hapa elektroni inaingia, haitoki.

Mfano ninaoupenda wa njia hii ya pili uko kwetu. Potasiamu-40 ni kigeugeu: takriban asilimia 89 hutoa beta na kuwa kalsiamu-40 [20], na karibu yote inayobaki hunyakua elektroni na kuwa agoni-40 [18]. Agoni ni gesi. Jiwe la volkano likiwa bado uji wa moto, gesi hutoroka. Likiganda, agoni mpya inanaswa ndani na kujilimbikiza. Nusu maisha ya potasiamu-40, yaani muda ambao nusu yake huoza, ni takriban miaka bilioni 1.25, kwa hiyo ukipima agoni dhidi ya potasiamu unapata umri wa jiwe. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, zamadamu wa kale, katika bonde la Olduvai mwaka 1959, na mwaka 1961 majivu ya volkano ya tabaka lile yakapimwa kwa njia hii: takriban miaka milioni 1.75. Kabla ya hapo watu walidhani ni umri mdogo zaidi ya huo.

Hatua ya 6: Gama

Hakuna namba inayobadilika. Kiini kilichobaki na nishati ya ziada kinaitoa kama mwanga mkali usioonekana. Kete haisogei.

Hatua ya 7: Mnyororo mrefu

Sasa urani-238 hadi risasi-206. Anza na alfa daima, kwa sababu ndiyo pekee inayopunguza namba ya juu. 238 kutoa 206 ni 32. Gawa kwa 4, alfa 8. Zimeshusha namba ya atomu kwa 16: 92 inakuwa 76. Lakini risasi ni 82. Pengo la 6 linazibwa na beta 6, kila moja ikipandisha moja. Mimi nilizishusha, 76 ikawa 70, iterbiamu, na usingizi ukapotea.

Tofauti ya namba za juu isipogawanyika kwa 4, simama. Umechanganya koo. Urani-238 haiwezi kuishia risasi-207. Huo ni ukoo wa urani-235.

Hatua ya 8: Nusu maisha

Usianze na logarithimu. Anza kwa kugawa mbili mbili kwa mkono. Iodini-131, inayotumika kutibu tezi ya shingo, ina nusu maisha ya siku 8. Siku 32 ni vipindi 4: nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita.

Muda usipokuwa kipindi kamili, usikadirie katikati. Siku 20 ni vipindi 2.5. Mpwa wangu alichukua wastani wa robo na moja ya nane, akapata 0.1875. Jibu ni 0.5 kwa kipeo cha 2.5, takriban 0.177, kwa sababu mteremko si mstari ulionyooka. Kikokotoo cha simu ukikilaza upande kinaonyesha kitufe cha vipeo.

Na uozo haujali jiwe limechemshwa, limesagwa au limemwagiwa asidi. Isipokuwa ule wa kunyakua elektroni, ambao unaweza kuguswa kidogo mno na hali ya maganda, na sasa unajua kwa nini.

Zoezi nililomwachia: toriamu-232 [90] hadi risasi-208 [82], alfa ngapi na beta ngapi? Saa tano na robo akanitumia picha ya karatasi ya grafu, mstari wa penseli ukishuka kwa zigizaga. Alfa 6, beta 4.